Mtoto Aliye Kimya Katika Foleni
Muuguzi asimulia safari yake ya Blantyre, Malawi

Kama umewahi kukaa kwenye benchi la hospitali umempakata mtoto mwenye homa, unajua jinsi saa moja inavyoweza kuwa ndefu kuliko usiku mzima. Mimi nimekaa kwenye benchi hilo kama mama wa watoto watatu. Pia nimesimama upande wa pili wake kama muuguzi, kwa zaidi ya miaka 20 sasa. Makala haya ni ya safari niliyokwenda nchi jirani ya Malawi, lakini siwezi kueleza nilichokiona huko bila kusema kwanza kilichonifanya nikitazame kwa machozi.

Asubuhi moja ya mwaka 2004

Nilikuwa na umri wa miaka 26, nimetoka chuoni na diploma yangu ya uuguzi, nikapangiwa kliniki ya watoto katika hospitali moja ambayo sitaitaja jina. Kazi yangu ya asubuhi ilikuwa kupanga kadi. Aliyetangulia kufika, kadi yake ilikaa juu. Nilijivunia sana utaratibu ule. Mama aliyejaribu kupita mbele nilimrudisha nyuma kwa ukali, maana niliamini kuwa foleni ndiyo haki yenyewe.

Siku hiyo alikuwepo mama mmoja aliyefika saa moja na nusu asubuhi. Mtoto wake wa miaka miwili alikuwa mgongoni, amefunikwa vizuri kwa sababu ya baridi yetu ya Rungwe. Watoto wengine walilia mpaka kuta zikaitika, nami nikawahurumia hao waliolia. Wa mama yule hakulia kabisa. Zamu yao ilipofika, yapata saa nne, alimfungua mgongoni. Mikono na miguu ya mtoto ilikuwa ya baridi, na pumzi zake zilikuwa za kuhesabu. Alifariki kabla hatujapata mshipa wa kuweka dripu.

Mama yule alisema neno moja tu: "Nilidhani amelala."

Mkubwa wangu wa zamu akamjibu: "Mama, umechelewa kumleta." Nami nikaandika hivyo hivyo kwenye faili, kwamba mtoto alicheleweshwa nyumbani. Niliandika nikijua kuwa alikuwa mbele ya macho yangu saa mbili na nusu nzima.

Tangu siku hiyo nimehudumia watoto wengi, na wengi wamepona kwa neema ya Mungu. Lakini yule mmoja hakuniacha.

Njia ya kwenda Blantyre

Mwezi Agosti 2024 akina mama wa usharika wetu tulialikwa na akina mama wa kanisa moja la Blantyre. Tulikwenda sita. Kutoka Tukuyu tuliteremka na basi dogo hadi Kasumulu, tukagonga mihuri yetu na kuvuka Mto Songwe. Ng'ambo ya mto hujioni mgeni sana. Watu wa Karonga wanasema Kingonde, na sisi tunaosema Kinyakyusa tunasikilizana nao bila mkalimani. Mama mmoja aliyeuza ndizi kituoni alitusalimu, tukamwitikia kama jirani wa nyumbani.

Barabara inafuata ufuko wa ziwa tunaloliita sisi Nyasa, nao huliita Ziwa Malawi. Ukifika Chiweta inaanza kupanda mlima kwa kona kali, na ziwa linabaki chini kama kitambaa cha buluu kilichoanikwa. Tulilala Mzuzu. Kesho yake tulipita msitu wa misonobari wa Chikangawa, tukashuka Kasungu, tukafika Lilongwe tumechoka. Kutoka Lilongwe bado kuna zaidi ya kilomita 300. Unapita vilima vya Dedza, ambako Msumbiji iko kando tu ya barabara, halafu Ntcheu, ambako akina mama wanauza viazi mviringo vilivyorundikwa kwenye ndoo.

Blantyre ni mji uliozungukwa na milima: Ndirande, Soche na Michiru. Jina lake lilitoka Uskochi, katika mji alikozaliwa David Livingstone mwaka 1813. Wamisionari wa Kiskochi walianza kazi hapo mwaka 1876. Wenyeji wetu walitupeleka kuona kanisa la Mtakatifu Mikaeli na Malaika Wote, lililojengwa kati ya mwaka 1888 na 1891. Aliyelisimamia, mchungaji David Clement Scott, hakusomea ujenzi. Yeye na mafundi wa pale walijifunza kazi wakiwa kazini, na kanisa lile limesimama hadi leo. Nililishika tofali moja nikasema moyoni kwamba kumbe watu wasio na vingi wanaweza kufanya jambo likadumu. Sikujua kuwa fundisho lenyewe nitalikuta siku inayofuata, si kanisani bali hospitalini.

Mlango wa watoto

Mama aliyenipokea nyumbani kwake ni muuguzi mwenzangu. Aliniombea ruhusa nikae asubuhi moja katika idara ya watoto ya Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth, ambayo watu wa Blantyre huiita "Queens" tu. Ni hospitali ya serikali iliyofunguliwa mwaka 1958. Usidhani nilikuta majumba ya vioo. Nilikuta umati kama wa kwetu: akina mama wamefunga vitenge, mabeseni, chupa za uji, na ndugu wa wagonjwa wamekaa nje na vikapu vyao vya chakula.

Foleni ilikuwa ndefu. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo sikuwa nalo mwaka 2004. Kulikuwa na mhudumu ambaye hakukaa mezani kungoja kadi. Alitembea kwenye foleni yenyewe, akimwangalia kila mtoto aliyefika. Hakuanza kwa kuuliza jina wala kijiji. Alimfunua mtoto, akatazama kifua kinavyopanda na kushuka, akashika mkono kusikia kama una joto, akabonyeza ukucha na kungoja rangi irudi, akatazama kiganja, akamwita mtoto aone kama atamgeukia. Kwa kila mtoto haikufika dakika moja.

Mwenyeji wangu alinieleza kuwa watoto wanagawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni la dharura: hao hawangoji hata dakika, wanabebwa moja kwa moja kwenye chumba cha huduma ya haraka. Kundi la pili ni la kipaumbele: wanapelekwa mbele ya foleni. Kundi la tatu ni wale wanaoweza kusubiri zamu yao bila hatari. Basi foleni haikufutwa, bali ilipewa macho.

Nikiwa nimesimama pale, mhudumu alifika kwa mama mmoja aliyekuwa wa mwisho kabisa. Mtoto wake wa kike, wa mwaka mmoja hivi, alikuwa kimya mgongoni. Mhudumu alifungua kitenge, akatazama viganja vya mtoto, vikawa vyeupe kama karatasi. "Bwerani, amayi," akasema kwa Kichewa, yaani, njoo mama. Hakungoja jibu. Alimchukua mtoto akatembea haraka, na mama nyuma yake.

Kule ndani hakuna aliyepiga kelele. Mmoja aliweka mrija wa oksijeni puani. Mwingine alitoa tone la damu akapima sukari, maana mtoto mgonjwa sana ambaye hajala sukari yake huweza kushuka, na ikiwa chini ya kipimo cha 2.5 ubongo unakosa chakula. Ilikuwa chini, wakampa glukosi mshipani. Tone jingine likaonyesha malaria. Damu ya kuongezwa ikaitishwa. Yote hayo yalifanyika kabla sijaona mtu akiandika kadi. Jioni nilipoaga damu ilikuwa inaingia, na mtoto alikuwa amefungua macho akimtafuta mama yake.

Nilitoka nje nikalia. Mwenyeji wangu alidhani nimemlilia mtoto yule. "Pepani," akaniambia, yaani pole. Sikuweza kumweleza siku hiyo kwamba nilikuwa namlilia mwingine.

Haikuwa hivyo siku zote

Usiku nilimwuliza wamefikaje hapo. Kumbe nao walikuwa kama sisi. Kliniki yao ya watoto chini ya miaka mitano ilichanganya yote mahali pamoja: chanjo, wagonjwa wa kawaida na wa dharura. Madaktari na wauguzi wa pale, akiwemo daktari wa watoto Elizabeth Molyneux, walitenganisha huduma ya dharura na kliniki ya kawaida, wakawafundisha wafanyakazi kuchambua wagonjwa mlangoni. Walitangaza matokeo yao mwaka 2006 katika jarida la Shirika la Afya Duniani. Kabla ya mabadiliko, katika kila watoto 100 waliolazwa, walikufa kati ya 10 na 18. Baada yake walikufa kati ya 6 na 8. Mwenzangu, hebu hesabu watoto hao. Wagonjwa walikuwa wale wale. Kilichobadilika hasa ni nani anatazamwa kwanza, na anatazamwa upesi kiasi gani.

Sababu yake inaeleweka. Watoto wengi wanaofia hospitalini hufa ndani ya saa 24 za kwanza tangu kulazwa. Ndiyo maana mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu cha kufundishia njia hii, na kazi ya Blantyre ilichangia sana. Uzuri wake ni kwamba anayechambua foleni si lazima awe daktari. Hata karani au mlinzi wa mlangoni aliyefundishwa dalili anaweza kumwona mtoto wa dharura na kumwita muuguzi.

Mji huo umetoa kipimo kingine ambacho nimekitumia tangu chuoni bila kufikiri jina lake lilikotoka. Ni kipimo cha Blantyre cha mtoto aliyepoteza fahamu, kilichotolewa mwaka 1989. Mtu mzima unaweza kumwuliza yuko wapi na leo ni siku gani. Mtoto mchanga utamwuliza nini? Basi unatazama mambo matatu: macho yake yanafuata uso wa mama? Analia namna gani? Ukimbonyeza anaondoa mkono? Alama kamili ni 5, na zikipungua unajua ubongo uko hatarini.

Hata haraka ina kipimo chake

Hapo lazima niseme jambo moja ili nisieleweke vibaya. Haraka peke yake haiponyi. Zamani sisi wauguzi tuliamini kuwa kila mtoto mwenye homa kali na mikono ya baridi amwagiwe dripu nyingi kwa kasi. Ukafanyika utafiti mkubwa kwa watoto zaidi ya 3,000 wa Kenya, Uganda na Tanzania, na majibu yakatoka mwaka 2011. Waliopewa maji mengi kwa kasi walikufa zaidi: kama 10 au 11 katika kila 100 ndani ya saa 48, dhidi ya 7 kwa wale ambao hawakupewa maji hayo ya kasi. Watu walishangaa sana. Mtoto aliyekauka kwa kuharisha ni habari nyingine, huyo bado anahitaji maji upesi. Lakini mtoto wa homa dripu yaweza kumzidi.

Nakuambia haya, mama, kwa sababu nimeona wazazi wakigombana na muuguzi kwamba "mbona mtoto wangu hajawekewa dripu?" Dripu si dawa ya kila kitu. Uliza kwa upole mtoto anatibiwa nini na kwa nini. Muuguzi mwema hatakasirika.

Mama, shika haya

Tangu nimerudi nawafundisha akina mama wa kanisa letu kila Jumatano baada ya kipindi cha maombi. Nawe yashike, uyabandike hata ukutani jikoni.

Usingoje foleni, nenda mbele useme kwa sauti, ukiona mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na haamki ukimwita. Vilevile ukiona anapumua kwa shida, kifua kinaingia ndani chini ya mbavu, midomo au ulimi umekuwa wa buluu, viganja vimekuwa vyeupe, au mikono na miguu ni ya baridi ilhali tumbo lina moto. Mtoto aliye chini ya miezi miwili akiwa mgonjwa apelekwe mbele daima. Aliyeungua moto au aliyekunywa sumu naye hasubiri.

Hesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima akiwa ametulia. Chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi miwili hadi mwaka mmoja, 50 au zaidi. Mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi. Hiyo yaweza kuwa nimonia.

Akishikwa na degedege, mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumwumiza, legeza nguo. Usimtie kijiko mdomoni, usimnyweshe kitu, wala usimpeleke kwanza kwa mtu wa kumchanja. Degedege ni dalili ya ugonjwa, mara nyingi malaria au homa nyingine, na dakika unazopoteza ni za ubongo wake.

Akiungua, mwagie maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, umfunike asipate baridi. Dawa ya meno, yai na asali viache jikoni. Akinywa mafuta ya taa, usimtapishe, wala usimpe maziwa ili atapike. Mkimbize hospitali na chupa aliyonywea.

Akiharisha, anza kumpa maji ya chumvichumvi ya pakiti nyumbani, na uendelee kumnyonyesha. Na mkiwa kwenye benchi, mtoe mtoto mgongoni umpakate mbele, uso wake uuone. Mtoto anayelia ana nguvu ya kulia. Wewe mwangalie yule aliyenyamaza, awe wako au wa jirani yako. Ukimwona, msimamie mama yake mwende mbele pamoja.

Nadhani wengi wetu tunaona haya kupita mbele. Tumefundishwa adabu, na adabu ni njema. Lakini mkumbuke Yairo katika Injili. Alikuwa mkuu wa sinagogi, mtu wa heshima zake, lakini alipoona binti yake anakufa alipasua umati akaanguka miguuni pa Bwana mbele ya watu wote. Hakuona haya.

Mlango niliokuwa nimeuogopa

Nilirudi nyumbani na mzigo mmoja uliobaki. Yule mama wa mwaka 2004 nilijua kijiji chake, kwa maana si mbali na kwetu. Kwa miaka 20 nilipita barabara nyingine ili nisikutane naye. Nilimwambia mume wangu, akaniambia, "Mama watoto, nenda." Nikaenda Jumamosi moja, nimebeba kilo mbili za sukari.

Nilimkuta akichambua maharage nje. Amekuwa mzee kuliko miaka yake. Nikamwamkia, akaniitikia, hakunikumbuka. Nikajitambulisha. Kisha nikamwambia: "Mama, nimekuja kwa habari ya mtoto. Wewe hukuchelewa. Ulifika saa moja na nusu, mimi mwenyewe niliipokea kadi yako. Sisi ndio tuliochelewa. Naomba unisamehe."

Aliendelea kuchambua maharage kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Sista, baba yake alikufa akiamini kuwa ni mimi."

Sikuwa na jibu, wala sasa sina. Tulikaa pale, nikamsaidia kuchambua mpaka ungo ukaisha. Akaingia ndani, akatoka na chai. Wakati wa kuondoka alinisindikiza hadi barabarani, akaniuliza kama mambo yale niliyoyaona Malawi yanaweza kufundishwa hapo kijijini kwao, maana ana mjukuu wa miezi mitano.

Jumatano iliyofuata alikuja, mjukuu akiwa mikononi, amempakata mbele.

Sasa asubuhi nikifika kazini siendi tena kwenye meza ya kadi. Nachukua saa yangu, nanawa mikono, naanzia mwisho wa foleni. Nakuomba nawe, mama mwenzangu, ukiwa kwenye benchi hilo kesho, utazame mtoto wako na wa jirani yako. Mungu atupe macho ya kuona na ujasiri wa kusema, kabla mtu hajasema tena kwamba alidhani amelala.